Chumba Ndicho Bomu: Kanieneo ya Mlipuko katika Mahali Palipofungwa

Utangulizi

Kila mara ajali ya gesi inapotokea jikoni, habari zake huenea kwa sentensi moja iliyozoeleka: mtungi umelipuka. Majirani husimulia hivyo, watangazaji huripoti hivyo, na msikilizaji hujenga akilini taswira ya chuma kilichopasuka vipande vipande. Hata hivyo, si ajabu, moshi unapotulia, mtungi ule ule kukutwa umesimama mzima kwenye kona yake ilhali mlango umeng'oka, dirisha limetoweka na ukuta umelala uani. Ikiwa mtungi haukupasuka, basi ni nini kilicholipuka?

Makala haya yananuia kulijibu swali hilo kwa kufafanua namna mlipuko unavyozalisha kanieneo katika mahali palipofungwa. Hoja ya msingi ni kwamba katika mikasa ya aina hii, chumba chenyewe ndicho bomu. Kuta, dari na sakafu ndizo zinazoigeuza hewa iliyopata moto kuwa kani ya kubomoa. Ili kuithibitisha hoja hii, makala yanaanza na dhana ya kanieneo, yanaeleza kinachotokea gesi inapowaka ndani ya chumba, kisha yanatazama mikasa miwili ya kweli, wa London mwaka 1968 na wa Nairobi mwaka 1998. Mwishoni, yanarejea kwenye sentensi iliyotajwa hapo juu na kuichunguza kisarufi.

Ikumbukwe kuwa suala hili si la wanafizikia peke yao. Wakenya wengi hupata maonyo ya usalama wa jikoni kwa lugha ya Kiswahili. Onyo likikosea kukitaja chanzo cha hatari, humfanya mtu akilinde kisichohitaji ulinzi na kukiacha kile kinachomwua.

Dhana ya Kanieneo

Nchini Kenya, neno linalosikika zaidi ni shinikizo, hasa katika shinikizo la damu. Neno hili linatokana na kitenzi shinikiza, na zamani lilitaja pia chombo cha kukamulia mafuta. Ni neno zuri, kwa kuwa linamwonyesha msikilizaji kitu kinachobanwa. Katika maandishi ya sayansi ya Tanzania, kwa upande mwingine, istilahi iliyozoeleka ni kanieneo. Makala haya yanaitumia istilahi hii ya pili kwa sababu moja mahususi: umbo lake ndilo maana yake. Kanieneo ni kani inayogawanywa kwa eneo inakotua. Anayelitamka neno hili huwa amekwisha kuikariri kanuni ya fizikia pasi na kujua.

Kipimo cha kanieneo ni paskali, kwa heshima ya Blaise Pascal, mwanazuoni wa Ufaransa aliyeishi kati ya 1623 na 1662. Paskali moja ni kani ya newtoni moja iliyosambaa juu ya mita moja ya mraba. Kiasi hiki ni kidogo mno, kwa hivyo kipimo cha kilopaskali, yaani paskali 1,000, ndicho hutumika zaidi. Hewa inayotuzunguka ina kanieneo ya takribani kilopaskali 101 katika usawa wa bahari, kama vile Mombasa. Jijini Nairobi, palipoinuka mita 1,700 hivi, kanieneo hiyo hushuka hadi kilopaskali 83 au karibu yake.

Takwimu hizi zinazua swali. Kilopaskali 101 juu ya mita moja ya mraba ni sawa na uzito wa tani 10 hivi. Mbona basi kuta za nyumba haziporomoki kwa mzigo huo? Jibu ni kwamba hewa iliyo ndani husukuma ukuta kwa kani ile ile inayotoka nje, na kani hizo mbili hubatilishana. Ukuta haujui ukubwa wa kanieneo. Unachokijua ni tofauti iliyopo baina ya upande mmoja na mwingine. Mlipuko, kwa hivyo, si jambo la kani kubwa tu bali ni jambo la mizani iliyovurugika ghafla.

Sehemu ya pili ya istilahi, yaani eneo, ndiyo inayosahauliwa na wengi. Chukua tofauti ndogo ya kilopaskali 5, isiyofikia hata sehemu moja ya kumi ya kanieneo ya hewa ya kawaida. Kwenye dirisha lenye mita moja ya mraba, tofauti hiyo huzaa kani ya newtoni 5,000, sawa na uzito wa kilo 500. Kwenye mlango wenye mita za mraba 1.8, huzaa uzito wa kilo 900 hivi. Tofauti ikifika kilopaskali 20, ukuta wenye upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.5 husukumwa kwa kani ya newtoni 150,000, yaani tani 15. Ukuta wa nyumba hujengwa ili ubebe uzito unaotoka juu. Ni kuta chache zilizojengwa kwa matarajio kwamba tani 15 zitausukuma ubavuni kutoka ndani.

Kinachotokea Ndani ya Chumba

Gesi ya kupikia haiwaki katika kila hali. Huhitaji kuchanganyika na hewa kwa kiwango maalumu. Gesi ya mitungi, ambayo kwa kawaida ni mchanganyiko wa propeni na byuteni, huweza kushika moto inapokuwa kati ya asilimia 2 na 10 hivi ya hewa. Ikipungua hapo, ni hafifu mno. Ikizidi hapo, hukosa oksijeni ya kutosha. Aidha, gesi hii ni nzito kuliko hewa. Inapovuja haipai darini bali hutambaa sakafuni, hujikusanya chini ya meza na kabati, na kuzidi kutanda bila kuonekana. Harufu kali inayonuswa si yake kiasili. Huongezwa makusudi ili pua ilione lisiloonwa na macho.

Inapokutana na cheche, moto huanzia mahali pamoja na kusambaa pande zote. Kila tabaka la mchanganyiko linalowaka hufikia halijoto ya takribani nyuzi 2,000 za Selsiasi. Hapa ndipo ilipo tofauti kubwa kati ya mahali pa wazi na mahali palipofungwa. Gesi iliyopata joto hutaka kupanuka. Nje uwanjani, hupanuka. Huisukuma hewa ya jirani, hupaa, na nishati yake nyingi huishia katika mwanga na joto. Watu walio karibu huweza kuungua vibaya, lakini kanieneo haipati fursa ya kujilimbikiza.

Ndani ya chumba kilichofungwa, mambo huwa kinyume. Molekuli za gesi zenye joto huenda kwa kasi kubwa zaidi, nazo huzigonga kuta mara nyingi zaidi na kwa nguvu zaidi. Ujazo haubadiliki kwa sababu kuta zimekataa kusogea. Kisichoweza kubadilika kikikataa, kinachoweza hulazimika kuubeba mzigo wote: halijoto imepanda, ujazo umebaki ule ule, basi kanieneo lazima ipande. Kwa kipimo kamili, halijoto inayohesabiwa kutoka sifuri halisi hupanda takribani mara nane. Hivyo basi, chumba kilichojaa mchanganyiko unaofaa wa gesi na hewa, laiti kingekuwa imara kama chuma, kingefikia kanieneo inayokaribia mara nane ya ile ya awali. Mombasa, hiyo ingekuwa kilopaskali 800 hivi. Nairobi, kilopaskali 660.

Hakuna nyumba ya kawaida inayokaribia kustahimili kiasi hicho, na hakuna inayongoja kifike. Ikiwa madirisha huvunjika katika tofauti ya kilopaskali chache na kuta nyingi hushindwa kabla ya kilopaskali 50, ni wazi kuwa si lazima chumba kizima kijae gesi. Sehemu moja tu ya kumi ya ujazo wa chumba ikijaa mchanganyiko unaofaa, inatosha kuzalisha tofauti ya kilopaskali 70 au karibu yake endapo hakuna mahali pa kutokea. Katika jiko la kawaida lenye mita za ujazo 30, sehemu hiyo huhitaji gesi isiyofikia nusu kilo. Mtungi mdogo unaotumika katika nyumba nyingi za mjini hubeba kilo 6. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Jambo jingine la kuzingatia ni kasi. Katika ajali nyingi za jikoni, moto huenea kwa kasi iliyo chini sana ya ile ya sauti, ambayo ni mita 340 kwa sekunde. Habari za ongezeko la kanieneo husafiri kwa kasi hiyo ya sauti, nazo hukivuka chumba cha mita 4 katika takribani sehemu 12 za sekunde iliyogawanywa mara 1,000. Maana yake ni kwamba moto ungali upande mmoja wa chumba, ilhali kuta zote zimekwisha kupokea msukumo unaokaribia kulingana. Kanieneo haichagui ukuta. Huzisukuma zote sawia, kisha iliyo dhaifu zaidi ndiyo hutangulia kuanguka. Ndiyo sababu mahali palipobomoka si lazima pawe ndipo gesi ilipovuja, jambo ambalo huwatatiza mashahidi.

Mkasa wa Ronan Point

Mfano unaoyadhihirisha haya kwa uwazi ni ule wa jengo la Ronan Point, lililokuwa katika mtaa wa Canning Town, mashariki mwa London. Lilikuwa jengo la ghorofa 22, lililounganishwa kwa paneli za saruji zilizotengenezwa kiwandani na kupangwa moja juu ya nyingine. Wapangaji walikuwa wamekaa humo kwa takribani miezi 2 tu. Alfajiri ya tarehe 16 Mei 1968, yapata saa kumi na moja na dakika arubaini na tano, mpangaji mmoja wa ghorofa ya 18 aliingia jikoni kuchemsha maji ya chai. Gesi iliyoletwa kwa mabomba ilikuwa imevuja kutoka kwenye kiungo kibovu cha jiko. Akawasha kiberiti.

Mlipuko uliofuata haukuwa mkubwa kwa vipimo vya milipuko. Hata hivyo, ulizisukuma nje paneli za kuta za pembeni. Paneli hizo ndizo zilizobeba kona za ghorofa za juu. Zilipotoka, ghorofa zilizo juu zikakosa egemeo na kuanguka. Uzito wao ukaiponda ghorofa iliyo chini, nayo ikaiponda inayofuata, hadi kona nzima ya jengo ikaporomoka tangu juu hata chini. Watu 4 walifariki na 17 wakajeruhiwa. Kwa kuwa kulikuwa hakujakucha, wakazi wengi walikuwa wamelala katika vyumba ambavyo havikuanguka. Lau mkasa huo ungetokea jioni watu wakiwa sebuleni, idadi ingekuwa nyingine.

Uchunguzi ulifichua mambo mawili yanayostahili kutafakariwa. La kwanza, kuta zile ziliweza kuondolewa mahali pake na tofauti ya kanieneo isiyozidi kilopaskali 21. Kilichozishikilia, kwa kiasi kikubwa, kilikuwa ni uzito wa kuta nyingine zilizokuwa juu yake. Ghorofa ya chini hubanwa na uzito wa jengo zima. Ghorofa ya 18 ilibanwa na chache tu zilizokuwa juu yake. Kwa hiyo, kadiri mtu alivyopanda ndivyo ukuta ulivyokuwa mwepesi kusukumwa.

La pili linashangaza zaidi. Mpangaji aliyewasha kiberiti alirushwa na kuungua, lakini alinusurika. Viwambo vya masikio yake havikupasuka. Kwa kuwa kiwambo cha sikio huanza kuwa hatarini katika kilopaskali 35 hivi, na kwa kawaida hakivuki kilopaskali 70 salama, sikio la mpangaji likawa ushahidi wa kiwango cha juu ambacho mlipuko haukukipita. Binadamu aliyesimama katikati ya mlipuko akabaki hai, ilhali jengo la saruji likaanguka.

Ufafanuzi wa kitendawili hiki umo katika istilahi yenyewe. Mwili wa mtu ni mdogo na mviringo. Kanieneo inapopanda polepole kiasi, humzunguka pande zote na kusukumana yenyewe kwa yenyewe. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya mwili ni maji, na maji hayagandamizwi kwa urahisi. Ukuta kwa upande wake ni mpana, ni bapa, na una hewa tulivu nyuma yake. Eneo lake lote hupokea kani ya upande mmoja tu. Kanieneo ni ile ile. Eneo ndilo lililotoa hukumu.

Baada ya mkasa huo, Uingereza ilibadilisha kanuni zake za ujenzi. Mojawapo ya masharti yaliyowekwa ni kwamba viungo muhimu vya majengo marefu viweze kustahimili kanieneo ya kilopaskali 34. Ronan Point yenyewe ilikarabatiwa, ikakaliwa tena, na hatimaye ikabomolewa mwaka 1986.

Mawimbi Yanayorudi

Hadi hapa, mlipuko uliozungumziwa ni ule wa moto unaokwenda polepole kuliko sauti. Vipo vilipukaji, kama vile vya kijeshi na vya migodini, ambavyo humeguka kwa kasi ya maelfu ya mita kwa sekunde. Katika hali hiyo, hewa haipati muda wa kupeana habari. Badala ya kanieneo kupanda sawia chumbani kote, huzuka wimbi la mshtuko, yaani tabaka jembamba la hewa iliyogandamizwa mno, linaloenda kwa kasi kuliko sauti.

Wimbi hili likiwa uwandani hudhoofika haraka, kwani nishati yake hutandazwa juu ya eneo linalopanuka kila uchao wa sekunde. Likikutana na ukuta mgumu, hewa iliyokuwa mbioni husimamishwa ghafla, nyingine ikija nyuma yake na kuibana zaidi. Kwa sababu hiyo, kanieneo inayotua ukutani haiwi sawa na ile ya wimbi linalokuja bali huwa angalau mara mbili yake, na kwa mawimbi makali huzidi hapo kwa mbali. Kisha wimbi hurudi, hukutana na ukuta wa pili na kurudi tena. Ni kama mwangwi, ila mwangwi huu hubomoa. Kwenye kona, ambapo kuta mbili au tatu hukutana, mapigo hujumlishana. Mtu aliyejibanza konani akidhani amejisitiri huwa amejiweka mahali pabaya kuliko pote.

Mapafu ndiyo huathirika zaidi, kwa kuwa yana hewa ndani ya tishu laini. Utafiti uliochapishwa na madaktari wa Israeli mwaka 1996 ulilinganisha majeruhi wa mabomu yaliyolipuka mahali pa wazi na wale wa mabomu yaliyolipuka ndani ya mabasi. Mahali pa wazi, waliofariki walikuwa takribani 8 kati ya kila 100. Ndani ya mabasi, walikuwa 49. Kilichoziongeza maiti ni bodi la basi lenyewe, lililoyazuia mawimbi yasitoke.

Kenya ina kumbukumbu yake ya uchungu katika suala hili. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lililobebwa na lori lililipuka nyuma ya ubalozi wa Marekani, karibu na makutano ya barabara za Moi na Haile Selassie jijini Nairobi. Watu 213 walipoteza maisha na maelfu wakajeruhiwa. Mahali hapo hapakuwa na paa, lakini hapakuwa wazi pia. Lori lilikuwa katikati ya majengo: ubalozi upande mmoja, jumba la Ufundi upande wa pili, na jumba refu la Benki ya Ushirika karibu yake. Uchochoro wa mjini ni chumba kisicho na dari. Wimbi lililotoka kwenye lori halikuwa na njia ya kutawanyika kwa urahisi, likayagonga majengo yaliyolikabili. Jumba la Ufundi liliporomoka.

Kulikuwa na jambo jingine. Kabla ya mlipuko mkuu, mshindo mdogo wa gruneti ulisikika. Watu waliokuwa ofisini walikimbilia madirishani kutazama kulikoni. Wimbi la mlipuko mkuu likawakuta hapo, nyuso zao karibu na vioo. Kioo huvunjika katika kilopaskali chache tu, kiwango ambacho mwili ungekistahimili bila jeraha. Wengi waliopoteza uwezo wa kuona siku ile hawakupofushwa na kanieneo moja kwa moja. Walipofushwa na dirisha, ambalo kanieneo ililigeuza kuwa visu.

Ufa Unaookoa

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Katika fizikia ya milipuko, methali hii hugeuka juu chini, kwa kuwa mara nyingi ni ufa unaouokoa ukuta. Gesi inayopata pa kutokea haitafuti pa kubomoa. Dirisha linalovunjika mapema hupunguza kanieneo kabla haijafika kiwango cha kuangusha kuta. Kwa sababu hiyo, viwanda vinavyosaga nafaka au kukausha sukari huwekewa paneli dhaifu makusudi, zinazofunguka kuelekea mahali pasipo na watu. Funzo hilo lilipatikana kwa gharama kubwa. Tarehe 2 Mei 1878, vumbi la unga lililipuka katika kinu cha Washburn mjini Minneapolis, Marekani, na kuwaua watu 18. Unga uliotulia guniani hauwaki kwa haraka. Unga ule ule ukitimka hewani ndani ya jengo lililofungwa huwa na tabia ya gesi.

Kanuni hii pia ndiyo inayoliendesha matatu. Ndani ya silinda ya injini, mchanganyiko wa petroli na hewa huwashwa mahali palipofungwa, na kanieneo hupanda kama ilivyoelezwa. Tofauti ni kwamba ukuta mmoja, yaani pistoni, umeruhusiwa kusogea. Tangu Nikolaus Otto alipounda injini yake ya mipigo minne mwaka 1876, binadamu amekuwa akisafiri kwa milipuko midogo iliyopewa mlango. Mlipuko wenye mlango ni kazi. Mlipuko usio na mlango ni maafa.

Hatua za usalama jikoni zinatokana na mantiki hiyo hiyo. Harufu ya gesi inaponuswa, jambo la kwanza ni kutowasha chochote wala kuzima chochote, kwa kuwa swichi ya taa hutoa cheche inapobonyezwa kwa upande wowote. La pili ni kufunga valvu ya mtungi endapo inafikika. La tatu ni kufungua milango na madirisha, hasa mlango wa chini unaotokea nje, kwani gesi hii hutambaa sakafuni. La nne ni kutoka nje na kupiga simu ukiwa huko, si ndani. Anayefungua dirisha hafukuzi harufu tu. Anakinyang'anya chumba uwezo wake wa kuwa bomu.

Sarufi ya Sentensi Moja

Sasa yafaa kuirejelea sentensi iliyotajwa mwanzoni: mtungi umelipuka. Kitenzi lipuka kinahusiana na lipua kama vile pasuka kinavyohusiana na pasua, na funguka na fungua. Katika jozi hizi, kiima cha kitenzi chenye -uka ndicho kinachopatwa na tendo. Ukisema kitambaa kimepasuka, kilichoharibika ni kitambaa. Vivyo hivyo, ukisema mtungi umelipuka, umedai kwamba mtungi ndio uliopatwa na tendo la kupasuka.

Upo wakati dai hilo huwa kweli. Mtungi ukizungukwa na moto kwa muda, kimiminika kilichomo huchemka, chuma hudhoofika, na mtungi wenyewe huweza kupasuka. Ila katika ajali nyingi zinazotokana na kuvuja kwa gesi, mambo sivyo yalivyo. Mtungi umeundwa kwa chuma kustahimili mamia ya kilopaskali kila siku. Ukuta wa nyumba hushindwa na makumi. Kati ya vitu vyote vilivyomo jikoni, mtungi ni miongoni mwa vilivyo tayari zaidi kuuhimili mlipuko. Kilichopatwa na tendo ni chumba, na sentensi iliyo sahihi ni hii: gesi ilivuja, ikachanganyika na hewa, na chumba kikalipuka.

Huenda ikadhaniwa kuwa tofauti hii ni ya wanasarufi wasio na kazi. La hasha. Anayeamini kuwa mtungi ndio unaolipuka huuogopa mtungi. Huuficha ndani ya kabati, huufungia stoo, huufunika kwa gunia, na kwa kufanya hivyo huiandalia gesi mahali pa kujikusanya. Anayejua kuwa chumba ndicho kinacholipuka huuliza maswali tofauti: hewa inapitia wapi, valvu imefungwa, mpira umechakaa? Kiima cha sentensi huamua mkono utaenda wapi.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba kanieneo ya mlipuko katika mahali palipofungwa huzaliwa na mambo matatu: gesi inayopata joto, ujazo unaokataa kubadilika, na eneo pana linalopokea kani ya upande mmoja. Mkasa wa Ronan Point ulionyesha kuwa kanieneo ndogo, isiyoweza hata kupasua kiwambo cha sikio, huweza kuangusha kona ya jengo refu. Mkasa wa Nairobi ulionyesha kuwa hata barabara ya mjini huweza kuwa na tabia ya chumba. Injini na paneli za viwandani, kwa upande wao, zinathibitisha kuwa nishati hiyo hiyo hutulia inapopewa njia.

Kwa mwanafunzi na mhadhiri wa Kiswahili, mada hii inadhihirisha kwamba lugha haikosi nyenzo za kuelezea sayansi. Kani, eneo, ujazo, halijoto, wimbi na mwangwi ni maneno yaliyokwisha kuwapo, na kanieneo imeundwa kwa mawili kati yake. Kilichosalia ni kuyatumia maneno hayo pale yanapohitajika zaidi: katika habari za redio, katika vibandiko vya mitungi, katika mafunzo ya wauzaji wa gesi mitaani. Mwandishi wa habari anayebadilisha kiima kimoja, kutoka mtungi hadi chumba, atakuwa amemwambia msikilizaji wake afungue dirisha.